kitu_id Ni Namba ya Nini?

Mheshimiwa mwenyekiti, waandaaji, na ninyi wenzangu ambao majedwali ndiyo kazi yenu ya kila siku, asanteni kwa kunipa jukwaa.

Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa wengi kwa wengi katika hifadhidata, hasa ule ambao upande wake mmoja una maumbo mengi, yaani unaweza kuwa kitu cha aina tofauti tofauti. Ukimuuliza mtu ukumbini humu namna ya kuupanga, atakujibu kwa pumzi moja: weka safu ya aina, weka safu ya namba, endelea na kazi. Wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nimekuja kulipinga jibu hilo. Sisemi lipigwe marufuku, na mwishoni nitaonyesha linapofaa, ila lisiwe jibu la kwanza kumjia mtu kichwani.

Tuanze na lisilo na ubishi. Una makala, una lebo. Makala moja hubeba lebo nyingi, na lebo moja hukaa kwenye makala nyingi. Unatengeneza jedwali la tatu, la kiungo, lenye lebo_id na makala_id. Kila safu ni ufunguo wa kigeni, yaani namba inayoelekea rekodi ya jedwali jingine; zote mbili kwa pamoja ni ufunguo msingi, yaani kitambulisho cha rekodi kisichojirudia, na hapo kazi imekwisha. Hakuna anayegombana na mpango huo.

Kisha mwenye mradi anarudi. Anataka picha nazo ziwe na lebo. Baadaye kidogo, video. Na lebo ziwe zilezile, maana anataka mtu akibofya "mazingira" aone makala, picha na video kwa pamoja. Ombi halali kabisa. Basi mwandishi wa programu anafungua kihariri chake na kuandika hivi:

```
CREATE TABLE viungo_lebo (
  lebo_id  integer NOT NULL REFERENCES lebo (id),
  aina     varchar(40) NOT NULL,
  kitu_id  integer NOT NULL,
  PRIMARY KEY (lebo_id, aina, kitu_id)
);
```

Tazameni safu hizo vizuri. lebo_id ina REFERENCES. kitu_id haina, na wala sijaisahau: haiwezekani kuiweka. Ufunguo wa kigeni huelekea jedwali moja lililotajwa wakati wa kuunda jedwali, ilhali kitu_id inataka kuelekea makala leo, picha kesho, kutegemea neno lililoandikwa kwenye safu jirani. Hifadhidata haina namna ya kulisoma neno hilo na kuamua ichunguze wapi. Ukiiuliza, "412 hii ni ya nini?", haijui. Programu yako ndiyo inayojua, na inajua kwa muda wote ambao kila anayeigusa data anapitia kwenye programu hiyohiyo.

Mpango huu ulienea kwa sababu fremuweki, vile vifurushi vya msimbo vya kujengea programu, ziliurahisisha sana. Rails, mojawapo ya hizo, iliuleta katika toleo 1.1 mwaka 2006. Django ina contenttypes yake, inayotunza orodha ya modeli zote, yaani madarasa yanayowakilisha majedwali, ili safu moja iweze kuelekea yoyote. Laravel ina morphToMany, na ukifuata nyaraka zake unapata lebo zinazofanya kazi kabla chai haijapoa. Siwalaumu waliozitengeneza. Walikuwa wanatatua tatizo la mwandishi wa programu, na kwa mwandishi wa programu mpango huu kweli ni mwepesi: ukija na aina mpya, huongezi jedwali, unaongeza neno tu.

Lakini tazameni tulichokitoa ili kuupata wepesi huo. Edgar Codd, alipochapisha modeli ya uhusiano mwaka 1970 akiwa IBM, aliueleza ufunguo wa kigeni katika makala ile ile ya kwanza: safu ambayo thamani zake ni thamani za ufunguo msingi wa jedwali fulani. Jedwali fulani, moja, linalojulikana. Humo ndimo ilimo nguvu yote ya kitu hiki. Hifadhidata inaweza kukuahidi kwamba kila namba iliyomo ina mwenyewe, na itaitimiza ahadi hiyo usiku wa manane, wakati wa kuhamisha data, hata pale mtu anapoingia moja kwa moja na kuandika DELETE, amri ya kufuta, kwa mkono. kitu_id haina ahadi hiyo. Ni namba tu.

Nitawaonyesha kwa karibu namna inavyouma, kwa sababu najua wapo wanaosema, "Rekodi yatima chache, zilizobaki baada ya kitu chake kufutwa, zina ubaya gani? Hakuna anayeziona."

Chukueni makala namba 412. Ndiyo ya mwisho kuandikwa. Imebandikwa lebo ya "ndani tu", na mfumo hutumia lebo hiyo kuficha makala zisizopaswa kusomwa na umma. Mhariri anaifuta makala. Kwenye jedwali la makala, 412 haipo tena. Kwenye viungo_lebo, rekodi ya ('ndani tu', 'makala', 412) imebaki, kwa kuwa hakuna kilichoizuia wala kilichoifuta. Hadi hapo, kweli, hakuna anayeona chochote.

Sasa seva ya hifadhidata inazimwa na kuwashwa. Ikiwa ni InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya hifadhidata ya MySQL, kabla ya MySQL 8.0, kihesabu cha namba zinazojiongeza kilikuwa kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Seva ikiamka, ilitazama namba kubwa iliyomo kwenye jedwali na kuendelea kutoka hapo. Kubwa iliyomo ni 411. Kwa hiyo makala inayoandikwa asubuhi inapewa 412. Inazaliwa tayari ina lebo ya "ndani tu", ambayo hakuna binadamu aliyeibandika. Mwandishi anaichapisha, haionekani, anapiga simu kwa mafundi, mafundi wanapekua msimbo kutwa nzima bila kupata kosa, kwa sababu kosa halimo kwenye msimbo. SQLite, hifadhidata nyingine, nayo, kama hukuandika AUTOINCREMENT, hufanya jambo linalofanana: huchukua namba kubwa iliyopo na kuongeza moja, hivyo rekodi ya mwisho ikifutwa, namba yake hutumika tena, wala huhitaji kuizima seva.

Geuzeni mfano. Lebo iwe "ruhusa kwa umma". Makala ya siri inazaliwa ikiwa wazi. Hapo hatuzungumzii tena usafi wa data.

Najua jibu linalokuja: fremuweki husafisha. Ukifuta makala kupitia modeli, inafuta na viungo vyake. Ni kweli, ila masharti yake ni mengi. Katika Rails, destroy huyapitia maelekezo hayo, delete_all huyaruka. Katika Laravel, ukifuta kwa ulizo la jumla badala ya modeli moja moja, matukio ya modeli, yanayofanya usafi huo, hayaitwi. Katika Django, viungo hufutwa pale tu ulipokumbuka kutangaza GenericRelation upande wa pili. Na hao wote hawajui lolote kuhusu skripti ya mchambuzi wa data iliyoandikwa kwa lugha nyingine, wala kuhusu mhudumu wa hifadhidata aliyeombwa afute akaunti za majaribio kabla ya Ijumaa kwisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeandika safu mbili hizo haoni uzito wake, maana atakayeubeba ni mwingine.

Yapo na mengine madogo, nitayapita haraka. Safu ya aina kwa kawaida huhifadhi jina la darasa lililomo kwenye msimbo. Siku utakapobadilisha jina la darasa, rekodi zote za zamani zinaelekea hewani. Laravel wana morphMap ya kuepuka hilo, ila ni bora uiweke tangu mwanzo. Tena, ikiwa makala zina namba za kawaida na picha zina UUID, vitambulisho virefu vya herufi na tarakimu, kitu_id italazimika kuwa maandishi, kisha kila unapounganisha majedwali unabadilisha namba kuwa maandishi, na faharasa uliyoitegemea, ile orodha inayoharakisha utafutaji, huenda isitumike. Na mtu akiandika 'Makala' kwa herufi kubwa sehemu moja na 'makala' sehemu nyingine, una aina mbili.

Basi tufanye nini? Njia ziko tatu zinazostahili kujadiliwa, nami nina ninayoipenda, na nitaanza nayo.

Njia hiyo ni kutengeneza jedwali la kiungo kwa kila aina. Lebo za makala, lebo za picha, lebo za video. Majedwali matatu.

```
CREATE TABLE lebo_za_picha (
  lebo_id   integer NOT NULL REFERENCES lebo (id) ON DELETE CASCADE,
  picha_id  integer NOT NULL REFERENCES picha (id) ON DELETE CASCADE,
  PRIMARY KEY (lebo_id, picha_id)
);
CREATE INDEX ON lebo_za_picha (picha_id, lebo_id);
```

Najua inakera. Mwandishi wa programu anapoona majedwali matatu yanayofanana, mkono unamwasha ayaunganishe. Tumezoeshwa kwamba kurudia ni dhambi. Lakini majedwali haya hayarudii kitu. Kila moja linasema jambo lake: hili linasema picha fulani ina lebo fulani, lile linasema video fulani ina lebo fulani. Kufanana kwa sura hakuyafanyi kuwa kitu kimoja, kama ambavyo jedwali la wateja na jedwali la wafanyakazi huwa yote yana safu ya jina na ya simu, na hakuna anayefikiria kuyaunganisha kwa sababu hiyo.

Mstari wa mwisho pale, ule wa faharasa, msiupite. Ufunguo msingi unaanza na lebo_id, kwa hiyo unasaidia anayeuliza "lebo hii iko kwenye picha zipi?" Anayeuliza "picha hii ina lebo zipi?" anahitaji mpangilio wa kinyume. Na kuna wa tatu anayeuhitaji, naye ni hifadhidata yenyewe: ukifuta picha, inabidi itafute viungo vyake. MySQL kwa InnoDB hujitengenezea faharasa kwenye safu za ufunguo wa kigeni. PostgreSQL haifanyi hivyo. Usipoiweka, kila picha inayofutwa itasababisha jedwali zima la viungo kusomwa kutoka juu hadi chini, na utalaumu CASCADE, ile amri ya kufuta viungo pamoja na kitu chake, bure.

Sasa lile ombi la mwenye mradi, la kubofya "mazingira" na kuona vyote. Unaandika maulizo matatu, moja kwa kila jedwali, unayafunga kwa UNION ALL, inayobandika matokeo pamoja, unayapa jina kama mwoneko, yaani ulizo lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali, na ndani ya kila ulizo unaandika neno la aina: 'makala', 'picha', 'video'. Mwoneko huo una umbo lilelile la jedwali tulilolianza nalo, lebo_id, aina na kitu_id, ila safari hii safu ya aina haihifadhiwi popote. Inatokana na jedwali ambamo rekodi imepatikana, kwa hiyo haiwezi kukosewa. Anayesoma anapata urahisi alioutaka, na anayeandika anabanwa na funguo za kweli. Watu wakilalamika kwamba UNION ALL ni nzito, huwauliza kama wamepima. Kila tawi lina faharasa yake na kila tawi linasoma kilicho chake. Lile jedwali moja kubwa nalo, ili uonyeshe vichwa vya makala na majina ya picha, lazima uliunganishe na majedwali matatu vilevile. Kazi hiyo haikwepeki.

Gharama yake ya kweli iko kwingine. Ukitaka kuongeza safu kwenye kiungo, tuseme nani aliibandika lebo na lini, unaiongeza mara tatu. Aina zikiwa tatu au nne ni kazi ya dakika chache. Zikiwa kumi na tano, utaanza kusahau moja. Hapo nitakuelewa ukitafuta njia nyingine.

Njia ya pili ni ya kati, na siipendi sana. Unabaki na jedwali moja la kiungo, ila unaweka safu moja kwa kila aina: makala_id, picha_id, video_id. Kila moja ni ufunguo wa kigeni wa kweli na inaruhusiwa kuwa tupu, kisha unaweka sharti kwamba katika kila rekodi moja tu ndiyo iwe imejazwa. Katika PostgreSQL, kuanzia toleo 9.6, sharti hilo ni mstari mmoja: CHECK (num_nonnulls(makala_id, picha_id, video_id) = 1).

Inafanya kazi, na nimeshaona mifumo mizuri iliyojengwa hivyo. Lakini ina miiba. Kwanza, safu inayoweza kuwa tupu haiwezi kuwa sehemu ya ufunguo msingi, kwa hiyo utatafuta namba ya bandia na kuweka UNIQUE, sharti la kutojirudia, kwa kila jozi. Pili, katika SQL Server, UNIQUE huzihesabu thamani tupu kuwa sawa, kwa hiyo lebo moja ikishabandikwa kwenye picha moja na kuacha makala_id tupu, rekodi ya pili ya aina hiyo inakataliwa hadi utumie faharasa yenye kichujio. PostgreSQL na MySQL hazina tatizo hilo. Tatu, ukiweka ON DELETE SET NULL kwa mazoea, kufuta picha kutajaribu kuiacha rekodi ikiwa tupu pande zote, sharti litakataa, na picha haitafutika; tumia CASCADE. Na la nne, ambalo lingewaudhi waliotumia MySQL ya zamani: kabla ya toleo 8.0.16 la mwaka 2019, MySQL ilikuwa ikiisoma CHECK, haikulalamika, na haikuitekeleza. Mtu aliandika sharti, akalala usingizi mnono, na sharti halikuwepo.

Njia ya tatu ndiyo ninayotaka tukae nayo, kwa sababu wengi hawaijui na ni ya zamani kuliko fremuweki zote nilizozitaja. Mwaka 1977 John na Diane Smith walikuwa wameshaandika kuhusu kupanga vitu mahsusi chini ya kitu cha jumla katika hifadhidata, na mwaka 1979 Codd mwenyewe akalirudia suala la aina na aina ndogo alipoipanua modeli yake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Niache lebo, nichukue mikataba, maana hapa lebo ni nyepesi mno. Mkataba mmoja una washiriki wengi, mshiriki mmoja yuko kwenye mikataba mingi, na mshiriki anaweza kuwa mtu au shirika. Kiungo nacho kina mambo yake: mshiriki ameingia kama mnunuzi, mdhamini au shahidi, na tangu tarehe gani. Hapa swali la kujiuliza ni hili: je, mtu na shirika wana jambo la pamoja linalotambulika hata nje ya hifadhidata? Wanalo. Wote wanaweza kuwajibika katika mkataba. Wanasheria wamekuwa wakiwaweka kundi moja tangu kabla ya kompyuta. Basi kundi hilo lipewe jedwali lake.

```
CREATE TABLE washiriki (
  id    bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  aina  varchar(10) NOT NULL CHECK (aina IN ('mtu', 'shirika')),
  UNIQUE (id, aina)
);

CREATE TABLE watu (
  id    bigint PRIMARY KEY,
  aina  varchar(10) NOT NULL DEFAULT 'mtu' CHECK (aina = 'mtu'),
  jina  text NOT NULL,
  FOREIGN KEY (id, aina) REFERENCES washiriki (id, aina)
    ON DELETE CASCADE
);
```

Jedwali la mashirika linafanana na la watu, ila CHECK yake inasema 'shirika'. UNIQUE (id, aina) inaonekana ya ziada, kwani id peke yake tayari haijirudii. Imewekwa ili ufunguo wa safu mbili uwe na pa kuelekea. Na ufunguo huo ndio unaofanya kazi yote: rekodi ya watu lazima imwelekee mshiriki ambaye aina yake ni 'mtu'. Namba 80 haiwezi kuwa mtu na shirika kwa wakati mmoja, kwa sababu kwenye washiriki ina aina moja tu.

Kiungo sasa kimekuwa cha kawaida kabisa. mkataba_id inaelekea mikataba, mshiriki_id inaelekea washiriki, nafasi na tarehe zinakaa palepale. Umbo lile la mashaka limetoweka kwenye kiungo. Limehamia kwenye jedwali la jumla, ambako linaweza kulindwa.

Na kuna zawadi ambayo safu ya aina iliyolegea isingeweza kukupa kwa uhakika. Tuseme kanuni inasema shahidi lazima awe mtu, si shirika. Ibebe aina hadi kwenye kiungo, ufanye (mshiriki_id, aina) kuwa ufunguo wa kigeni kwenda washiriki, kisha andika CHECK (nafasi <> 'shahidi' OR aina = 'mtu'). Basi. Hakuna triga, hakuna msimbo, na hakuna mtu atakayeingiza shirika kama shahidi, awe anatumia programu au anaandika kwa mkono.

Mapungufu? Yapo mawili ya kuangalia. Kumsajili mtu ni kuandika rekodi mbili, kwanza washiriki kisha watu, kwa hiyo zifungwe ndani ya muamala mmoja, ili ziandikwe zote au isiandikwe hata moja. Pia hifadhidata inahakikisha kila mtu ana mshiriki wake, ila haihakikishi kwamba kila mshiriki ana mtu au shirika lake. Ukimfuta mtu kwenye watu, mshiriki anabaki bila mwili. Dawa ni kufuta kila mara kutoka juu, kwenye washiriki, na CASCADE ishuke chini. Mtumiaji wa programu mnyime kabisa ruhusa ya DELETE kwenye watu na mashirika. Katika PostgreSQL ruhusa hiyo haitaizuia CASCADE, kwa kuwa hatua za ufunguo wa kigeni hutekelezwa kwa mamlaka ya mwenye jedwali.

Wapo watakaoniuliza kuhusu urithi wa majedwali wa PostgreSQL, ule wa INHERITS, kwamba si ndio huu? Sura ni hiyohiyo, lakini ufunguo wa kigeni unaoelekea jedwali la mzazi hauzioni rekodi zilizo kwenye majedwali ya watoto, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Uacheni. Na kuweka namba za lebo kwenye safu ya orodha au ya JSON kunaturudisha tulikoanzia, maana PostgreSQL haina ufunguo wa kigeni kwa kila kipengele cha orodha.

Msilitumie jedwali la jumla kila mahali, hata hivyo. Makala, picha na video zina jambo gani la pamoja zaidi ya kwamba tunazibandika lebo? Ikiwa jibu ni "hakuna", jedwali liitwalo "vitu" litakuwa kapu, na baada ya muda kila kitu katika mfumo kitakuwa humo. Ikiwa jibu ni kwamba zote huchapishwa, zina mwandishi, zina tarehe na leseni, basi hiyo ni "kazi iliyochapishwa" na inastahili jedwali. Kila mara ninapoombwa ushauri, huuliza jina la jedwali la jumla lingekuwa nini. Wakinijibu kwa jina la kueleweka, tunalijenga. Wakikohoa, tunarudi kwenye majedwali ya viungo ya kila aina.

Na ile safu ya aina na namba, niliahidi kuitendea haki. Inafaa pale ambapo kukosekana kwa kinachoelekezwa ni jambo la kawaida. Daftari la matukio ndilo mfano bora: nani alibadilisha nini na lini. Rekodi inayosema "makala 412 imefutwa" lazima idumu baada ya makala 412 kutoweka, na ufunguo wa kigeni ungekuwa kikwazo tu. Inafaa pia kwenye mfumo unaopokea viongezi vya watu wengine, ambapo aina zitakazokuja huwezi kuzijua wakati wa kuunda majedwali. Hata hapo, iwekee safu ya aina jedwali lake dogo la majina yanayoruhusiwa, lenye ufunguo wa kigeni, ili angalau tahajia ilindwe.

Nimalizie na wale ambao tayari wana jedwali la safu mbili lenye rekodi nyingi, maana mmenitazama kwa huruma muda wote huu. Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Kwa kila aina, andika ulizo la NOT EXISTS linalotafuta viungo ambavyo kitu chake hakipo, kisha lingine linaloorodhesha maneno yote yaliyomo kwenye safu ya aina pamoja na idadi zake. Fanyeni hivyo kabla ya kumshawishi bosi yeyote. Namba hizo zitazungumza vizuri kuliko mimi.

Halafu tengeneza majedwali mapya, ukiwa na funguo zake tangu mwanzo kama data ni kidogo. Kama ni nyingi na uko kwenye PostgreSQL, ongeza ufunguo kwa NOT VALID: rekodi mpya zitakaguliwa mara moja, za zamani zitasubiri, kisha VALIDATE CONSTRAINT itazipitia bila kuwazuia wanaoandika. Hamisha rekodi zenye wenyewe. Rekodi yatima zipeleke kwenye jedwali la pembeni, usizifute siku hiyohiyo, kwa sababu baadhi yake zitakuonyesha ni sehemu gani ya mfumo inayofuta vitu kwa njia ya mkato. Jedwali la zamani libadilishie jina, na jina lake la zamani ulipe ule mwoneko wa UNION ALL. Maulizo ya kusoma yataendelea bila kujua kilichotokea. Yanayoandika yatakwama, kwani mwoneko wenye UNION ALL haupokei INSERT, na kila yatakapokwama utakuwa umepata sehemu ya msimbo iliyokuwa ikiandika viungo bila wewe kujua. Ifanyeni kazi hiyo kwanza kwenye nakala ya hifadhidata, si kwenye ile inayohudumia watu.

Muda wangu umefika, mwenyekiti ananionyesha saa. Kipaza sauti ni chenu.